Sauti ya Lafaele

Kundi letu la maigizo lilikuwa na watu wanne. Watatu wamekufa, na kila aliyekufa amenitwisha mimi kazi ya kumsifu mbele za watu. Naifanya vizuri. Kila mwaka, sikukuu ya uhuru ikikaribia, mtangazaji wa redio huvuka na feri kutoka Apia, hunisogezea kinasa sauti mdomoni na kuniambia, "Mzee Setefano, tukumbushe marehemu wenzako." Basi namkumbusha. Mahali pa kulia nalia kidogo, mahali pa kuchekesha nachekesha, ananipa mkono, anaenda zake. Hajawahi kuniuliza swali lolote la maana, na mimi sijawahi kumsaidia alipate.

Leo nataka kueleza jinsi Lafaele alivyokuwa, pamoja na nililomfanyia. Nina miaka sitini na sita. Sukari imeshaanza na vidole vyangu vya mguu, na nilishaona ilivyommaliza mwenzetu Kolio.

Tulijiita Nyama ya Kopo, kwa sababu hapakuwa na sherehe kijijini kwetu Satuiele, wala upande wote ule wa kusini wa kisiwa chetu cha Savai'i, iliyokamilika bila vitu viwili: nyama ya kopo na sisi. Kolio alipiga gitaa na kuigiza walevi, naye maisha yake yote hakuonja pombe. Walimkata mguu wa kulia, akaendelea kuigiza. Walipomkata wa kushoto akawa anabebwa jukwaani ndani ya kapu la magimbi, anawakodolea watu macho na kuwauliza, "Mnashangaa nini? Hamjawahi kuona chifu aliyeketi?" Watu walivunjika mbavu. Mkewe tu ndiye ambaye hakucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kurudi nyumbani.

Uesile alikuwa bingwa wa kuigiza wachungaji. Aliwaigiza miaka kumi na mitano, kisha siku moja akatuaga, akaenda chuoni akarudi mchungaji wa kweli. Alianguka mimbarani katikati ya mahubiri, Jumapili, kanisa limejaa. Watu wa viti vya mbele wakaanza kucheka. Walimjua mtu wao, wakawa wanangoja ainuke amalizie utani. Mimi nilikuwa kiti cha pili na nilicheka kuliko wote. Tulimcheka maiti karibu dakika nzima, mpaka muuguzi mmoja mgeni asiyemjua Uesile aliposimama na kukimbia mbele.

Hao wawili naweza kuwataja nikalala usingizi. Lafaele ndiye nisiyemweza.

Lafaele alikuwa pande la mtu, mabega ya kubebea magunia, mikono imekakamaa kwa kufua nazi. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akiigiza wanawake. Wake za machifu, wajane wenye maringo, mashangazi wasiokubali kupitwa na jambo. Hakujipaka rangi wala kujaza matiti ya vitambaa. Alivaa kofia ya kanisani ya mama yake, akaketi, basi. Namna alivyoketi tu, ungejua huyo mama amezaa watoto wangapi na ni yupi kati yao anayemkera.

Siri yake ilikuwa kukaa na watu. Wiki nzima kabla ya mchezo alikuwa akishinda na vikongwe wanaosuka mikeka, anawachania majani ya mkindu, hasemi kitu. Jumamosi kila kikongwe alijiona jukwaani. Wenyewe walipigana makofi na kubishana, "Huyo ni wewe!" "Mimi? Huyo ni wewe mtupu, na pua yako!" Lakini nje ya mchezo Lafaele alikuwa mpole wa kuudhi. Kabla ya kila onyesho alijificha nyuma ya jiko akatapika kwa hofu. Kisha alisukutua kwa maji ya dafu, akajifuta na msuli, akaniambia, "Twende, mdogo wangu, kabla sijakimbia." Hakuwahi kukimbia.

Mimi nilikuwa mume. Mwembamba, mwenye kupigwa na kukimbizwa kwa mwiko. Watu hawakunicheka mimi, walicheka yale niliyofanyiwa, na ukifanya kazi hiyo miaka saba tofauti hiyo unaijua vizuri. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho: niliweza kuiga sauti yoyote. Sauti ya Lafaele ya kike niliiweza kiasi kwamba tulipokwenda Pago Pago na mafua yakamkaba, yeye alifungua mdomo jukwaani, nami nikazungumza nyuma ya pazia, saa nzima, na hakuna aliyegundua. Makofi yalipopigwa alipigiwa yeye. Aliniita nitoke niinamishe kichwa pamoja naye. Nilikataa, nikasema nina aibu. Uongo. Nilikuwa na wivu wa kunitoa machozi.

Sasa, michezo yetu hii inaitwa nyumba ya mizimu, na ina sheria moja ambayo kwetu mtoto wa miaka sita anaijua. Anayesema mle ndani si mtu, ni mzimu. Mzimu una ruhusa ya kumtukana chifu, mchungaji, hata waziri mkuu akiwa amekaa mbele na mkewe, na aliyetukanwa hana budi kucheka. Mchezo ukiisha mzimu unakwenda zake na maneno yake. Ukiyaokota ukatoka nayo nje, yanakuwa maneno yako, na utayajibia.

Mwaka 1984 chifu wetu mkuu, Vaelua, alikuwa mkali kuhusu saa ya sala ya jioni. Baragumu likilia, kila mtu ndani. Atakayeonekana nje anatozwa nguruwe. Basi jioni moja, baragumu limeshalia, wanawake wawili waliokuwa wakimalizia sala karibu na dirisha walimwona Vaelua mwenyewe akichomoka nyuma ya nyumba ya mwalimu mjane, anafukuzwa na nguruwe jike mwenye watoto, na msuli wake umebaki mdomoni mwa nguruwe. Sala haijafika "amina" kijiji kizima kinajua. Na hakuna aliyethubutu kulisema.

Lafaele alilisema. Sikukuu ya kanisa, mchana kweupe, chini ya turubai, akatokea na kofia ya mama yake akiwa ni yule nguruwe, ameitwa kutoa ushahidi mbele ya baraza la machifu. Alikunja mikono mapajani kwa adabu zote. "Waheshimiwa, mimi ni mcha Mungu. Saa ya sala nilikuwa kwangu na wanangu. Mara nikamwona huyu baba. Nikamwambia, mume wangu! Baragumu limeshalia! Msuli wako uko wapi?"

Watu waligaagaa. Mchungaji alitoka nje akijishika tumbo. Vaelua alicheka mpaka akajifuta macho, na jioni yake alituletea nguruwe mzima wa kuchoma na salamu: mwambieni yule mama asinifukuze tena. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Kesho yake palikuwa na kriketi. Walikuja wageni wa kijiji cha pili, na chifu wao, na akina mama wao, wakapangwa kivulini. Kwetu kriketi bila mshangiliaji si kriketi, na mshangiliaji wetu alikuwa Lafaele, filimbi mdomoni, kofia ileile kichwani, anaongoza makofi ya mstari mzima. Mimi nilisimama nyuma yake. Zamu ya Vaelua kupiga ikafika. Akaingia uwanjani na gongo lake begani, amejikaza, anataka wageni wamwone.

Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Jibu ni dogo na la kijinga. Nilitaka kicheko kimoja kiwe changu. Tangu jana watu walikuwa wanamsimamisha Lafaele njiani wampe mkono, na hakuna aliyenikumbuka mimi, na lile neno "msuli wako uko wapi" nilikuwa nimelipendekeza mimi tulipokuwa tukifanya mazoezi. Nikainamisha kichwa nyuma ya mgongo wake mpana, nikaichukua sauti yake.

"Mume wangu! Baragumu limeshalia! Msuli wako uko wapi?"

Wageni walicheka. Watu wetu hawakucheka. Chifu wa wageni alimgeukia jirani yake kuuliza maana yake, na jirani, mshenzi mmoja wa kwetu aliyeolea kwao, akaanza kumweleza, kwa mikono, mpaka na nguruwe. Vaelua aliyaona yote hayo akiwa amesimama peke yake katikati ya uwanja. Mpira wa kwanza ukamtoa.

Lafaele aligeuka akanitazama. Filimbi ilikuwa bado mdomoni mwake.

Baraza lilikaa siku ileile. Watu thelathini waliapa kwamba wameisikia sauti ya Lafaele, na hawakuapa uongo. Alipoulizwa ana lipi la kujitetea, alisema, "Waheshimiwa, nilikuwa na filimbi mdomoni." Walicheka! Machifu wazima, wamekaa kila mmoja ameegemea nguzo ya cheo chake, walicheka, kwa sababu mtu huyo alikuwa amewazoesha kucheka. Vaelua akasema kwa uchungu, "Hata hapa anatuchezea." Wakaulizana nani basi aliyesema, na Lafaele akainama akanyamaza.

Hukumu ilikuwa kufukuzwa kijijini, yeye na mke na mtoto, isipokuwa akubali kuomba radhi kwa mkeka. Nayo kwetu ni hivi: kabla jua halijachomoza mkosaji anakwenda kupiga magoti mbele ya nyumba ya aliyemkosea, amejifunika mkeka laini wa heshima kichwani, na mbele yake anaweka kuni na mawe ya tanuri, maana yake nipikeni mkitaka. Wenye nyumba wakiuinua mkeka, yamekwisha. Wasipouinua, anabaki palepale.

Alasiri Lafaele alinifuata shambani kwangu. Nilikuwa nachimba magimbi, na nilipomwona nilichimba kwa bidii zaidi.

"Sete."

"Naam, kaka."

"Una neno la kuniambia?"

"Neno gani?"

"Nakuuliza tu. Nimepewa mpaka kesho jua likichwa."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nyumba yetu ilikuwa kwenye ardhi ya Vaelua. Baba yangu alikuwa shemasi. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli, na zote nilizipanga kichwani pale pale nikiwa nimeshika jembe.

"Kaka, piga magoti tu yaishe," nikamwambia. "Saa moja, saa mbili, wanakusamehe. Kama huna mkeka mzuri, wangu nitakuazima."

Alinitazama, kisha akacheka. Si kwa hasira. Alicheka kama alivyozoea kucheka mmoja wetu akitoa neno zuri mazoezini. "Mkeka utaniazima," akarudia taratibu, akilionja. "Hapana, mdogo wangu. Mkeka ni wa mwenye kosa." Akaondoka.

Kwa nini hakunitaja? Siku nyingine nadhani alinihurumia. Siku nyingine nadhani alinidharau, aliona sistahili hata kushtakiwa. Kesho yake walipakia vyungu na magodoro kwenye pikapu ya shemeji yake. Telesia, bintiye wa miaka mitano, alinipungia mkono. Mama yake Lafaele alibaki, maana alisema hawezi kuacha kaburi la mumewe, akakaa uani mpaka vumbi likatulia.

Walifika Auckland. Alifanya kazi kiwanda cha viti miaka ishirini na sita. Aliigiza kwenye kumbi za makanisa, na mara mbili tatu kwenye televisheni ya huko: mjomba mnene msibani, mlinzi wa mlangoni, mjomba mnene tena. Mtu aliyeweza kukuonyesha kikongwe mzima kwa kuketi tu alipewa kusema "huruhusiwi kuingia" na kusogea pembeni. Mama yake alipokufa alizikwa mbele ya nyumba bila yeye.

Na mimi? Kundi lilihitaji mke. Nikavaa kofia, nikatoa sauti ya Lafaele, na watu wakacheka, safari hii kwa ajili yangu. Tulirekodi kanda. Tuliitwa mpaka Honolulu. Baada ya miaka kumi Vaelua alinipa cheo cha chifu msemaji, kwa kuwa nina ulimi mzuri, na tangu hapo nina nguzo yangu kwenye baraza, ya tatu kutoka mlangoni, ninayoegemeza mgongo kila Jumatatu. Kila nilichonacho nilikipata kwa sauti ya mtu niliyemfukuzisha.

Alikufa miaka minne iliyopita, moyo. Telesia alimleta kwa ndege mpaka Apia, kwa feri mpaka Salelologa, na hapo akazuiwa. Baraza lilituma neno kwamba hukumu ya 1984 haijafutwa, kwa kuwa radhi ya mkeka haikuombwa. Marehemu azikwe popote, ila si Satuiele. Mimi ndiye msemaji, kwa hiyo neno hilo nililipeleka mimi.

Telesia alikuja nyumbani kwangu siku hiyo hiyo, mama wa miaka arobaini, mabega ya baba yake, Kisamoa chake kimechanganyika na cha ng'ambo. Mke wangu akamtilia kakao ya moto. Hakuigusa.

"Baba mdogo, samahani nakuja mikono mitupu."

"Hapa ni kwako, mwanangu."

"Baba alisema mpaka siku ya mwisho kwamba si yeye. Hospitalini nikamuuliza, kama si wewe, ni nani? Akasema, kamuulize Setefano, alisimama karibu yangu." Akanikazia macho. "Kwa hiyo nakuuliza."

Mke wangu aliacha kukoroga. Yeye naye hajui.

"Ni zamani sana, mwanangu," nikasema.

"Haya. Basi sikulazimishi. Mimi nataka tu alale karibu na bibi. Yeye alikuwa na kiburi, mimi sina. Nitapiga magoti mimi. Ila nielekeze, sijui hata mkeka unashikwa vipi."

"Hutapiga magoti peke yako," nikamwambia. "Tutakwenda wote."

Alilia, akanishika mikono yote miwili na kuiweka usoni kwake. Nami nilikuwa nimekata shauri. Wakiuinua mkeka nitasema. Sentensi moja: ni mimi niliyesema, Lafaele alikuwa na filimbi mdomoni. Nikishasema hivyo hakuna radhi ya kuombwa, hukumu yenyewe inakuwa batili, na mtu anarudi kwao akiwa safi.

Tulipiga magoti alfajiri, manyunyu yanadondoka. Kuni na mawe mbele yetu, mkeka wangu juu yetu. Nilimwazima hatimaye.

"Baba mdogo," akaninong'oneza gizani humo, "magoti yananiua. Huwa wanachukua muda gani?"

"Wanavyopenda."

"Na wasipopenda?"

"Tulia. Watakuja."

"Angekuwa baba angeshatuchekesha." Akavuta makamasi. "Angesema kitu kuhusu matako yetu yaliyobaki nje."

Nilirudia sentensi yangu kimoyomoyo. Nimekariri michezo ya saa mbili. Hii ilikuwa maneno machache tu. Nikasikia fimbo ikigonga kokoto. Mkeka ukainuka.

Vaelua alikuwa na miaka themanini na sita, macho yamefunikwa na ukungu, ameshikwa mkono na mkwewe. Nyuma yake, ndani ya nyumba isiyo na kuta, machifu wote walikuwa wameshakaa.

"Nani huyu?"

"Telesia, mheshimiwa. Mtoto wa Lafaele."

"Na huyu mwingine?"

"Ni mimi. Setefano."

"Msemaji wangu!" akasema. "Umeacha kuketi na mimi ukaja kunipigia magoti?" Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Akaegemea fimbo. "Nisikilizeni. Mimi lile neno lilinichekesha kuliko mtu yeyote. Lingebaki ndani ya turubai tungezeeka tunalicheka. Lakini palikuwa na wageni. Hilo nimeshalisahau. Lililonikaa rohoni ni jingine. Alisema alikuwa na filimbi mdomoni, nasi tukamcheka. Siku hizi silali vizuri, nafikiri. Mtu mwenye filimbi mdomoni anasemaje? Setefano, wewe ulikuwa nyuma yake. Ni yeye au si yeye?"

Nani amewahi kufunguliwa mlango namna hiyo? Mzee mwenyewe ameushika, anasubiri nipite. Nikafungua mdomo. Nikainua macho, na nilichokiona ni nguzo yangu, ya tatu kutoka mlangoni, tupu, wengine wameacha nafasi ya mgongo wangu.

"Ni yeye, mheshimiwa," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Na alijuta mpaka kufa."

Hiyo ya mwisho hakuna aliyeniuliza. Mwigizaji akishaanza hutia chumvi.

Vaelua alishusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema. "Afadhali nimejua. Basi yamekwisha, mleteni mtoto wetu." Machifu wakaitikia. Mkono wa Telesia ulikuwa umenishika tangu tulipofika. Ukaachia.

Tulimzika siku ya pili mbele ya nyumba, ubavuni mwa mama yake. Nilitoa hotuba. Nilitoa na ile sauti, sauti yake ya mama mwenye kofia, na watu walicheka huku wanalia, na wengi walikuja kunishika mkono na kusema ni kana kwamba alikuwa amesimama pale. Telesia aliandikisha kwenye saruji, chini ya jina na miaka, neno moja alilolichagua mwenyewe: Alisamehewa. Napita hapo kila siku nikienda kanisani, kwa kuwa hakuna njia nyingine.

Nilimsindikiza mpaka kwenye feri. Njia nzima aliupakata mkoba wake. Watu walipoanza kupanda, aligeuka.

"Baba mdogo, nikuambie kitu? Nilimwamini miaka thelathini na mitano. Shuleni nilipigana na watoto wa Kisamoa waliosema baba yako alifukuzwa kwa mdomo wake. Mama alikufa anamwamini. Kumbe alikuwa anatudanganya tu."

"Usimlaumu, mwanangu."

"Simlaumu. Ameshasamehewa, au siyo?" Akajifuta macho kwa kiganja, kisha akanikumbatia kwa nguvu, mbele za watu. "Wewe ndiye wa kushukuriwa. Ungeweza kumlinda rafiki yako, hukumlinda. Ulisema ukweli. Natamani baba angekuwa na moyo wako."

"Karibu tena, mwanangu," nikamjibu, akapanda.